Simba Niliyemlalia

Jumapili iliyopita niligombana na mwanangu wa kwanza kwa sababu ya kombe. Nyumba nzima sasa inaniangalia kama mzee aliyeanza kuchanganyikiwa, na kwa kuwa mimi si mtu wa kununa kimya, nimeona niandike. Mjukuu wangu ni nahodha wa timu ya netiboli ya shule yao. Walizifunga shule zote za huku kwetu, wakapewa kombe lenye masikio mawili kama sufuria, limepakwa rangi ya dhahabu, na walimu wakasema likae kwa nahodha mpaka shule zifunguliwe. Mwanangu akalinunulia kabati la vioo lenye kufuli. Mpaka hapo sikusema neno. Lakini Jumapili tumeshavaa wote, gari linaunguruma nje, tunakwenda harusini Rulenge, nauliza mtoto yuko wapi. Naambiwa amebaki ndani analinda kombe, maana vibaka wamelisikia. Nikarudi sebuleni. Nikamkuta amekaa kwenye kochi mbele ya kabati, gauni la harusi mwilini, viatu ameshavua, mikono ameibana katikati ya magoti.

Namna ile ya kukaa naijua mimi. Niliikaa utoto wangu. Tena afadhali yeye alikuwa amekaa, mimi nililazwa.

Wa rika langu mtanielewa. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza, wala sioni haya kulisema. Kusoma nimejifunzia kwenye magunia ya unga na mbolea. Leo nina mashine za kusaga pale Benaco na vyumba wanavyolala madereva wa malori, na vijana wenye vyeti vyao huja kuniomba kazi wakisema shikamoo mama. Marahaba. Huwa nawauliza tu kama wanajua kuamka mapema. Sasa watu wakisikia sikusoma, kila mmoja ana sababu yake tayari mdomoni: umaskini, njia ndefu, baba hakuthamini mtoto wa kike. Hapana. Baba alinipenda na shule ilikuwa karibu. Mimi sikusoma kwa sababu ya simba.

Nyumbani kwetu kulikuwa upande ule ambao ukishaipita Rulenge unaona migomba inapungua na pori linaongezeka. Kabla sijapata akili, simba mmoja alikuwa akitoka huko porini kuja kuchukua mbuzi, kisha ng'ombe, kisha watu. Waliomuua walikuwa wanaume wa kilima kizima na mbwa wao, lakini mkuki uliotangulia ulikuwa wa baba yangu, Zakaria, kwa hiyo ngozi ikawa yake. Mkubwa mmoja wa serikali wa wakati ule alikuja kwa gari kumpa mkono. Mama alikuwa akisimulia kwamba baba hakunawa mkono ule siku ile nzima, na kila akifika hapo baba alimwambia anyamaze.

Ngozi ile ilikuwa na kazi kuliko watu wengine. Krismasi na Pasaka ilitandikwa sebuleni, na mgeni akiingia na kibuyu chake cha pombe ya ndizi aliisalimu ngozi kwanza, ndipo amsalimu baba. Waliogombania mpaka wa shamba waliletwa wakae juu yake, kila mtu upande wake, na nimeona kwa macho yangu mtu mzima akianza kusema uongo, anashika manyoya, anaurudia ukweli. Bibi harusi aliyeolewa kwenye ukoo wetu aliikanyaga shingo yake kabla hajaonyeshwa jiko. Ilinuka moshi, ilinuka samli iliyochacha, na chini ya hizo mbili kulikuwa na harufu ya mnyama aliyelowa, hata wakati wa kiangazi. Harufu hiyo nikiisikia leo kwenye lori la ngozi linalopita barabarani, huwa nasimama mpaka lipite.

Na kulikuwa na sharti. Ngozi ikishatandikwa, haiachwi peke yake. Baba akitoka kujisaidia, mama alikaa. Mama akienda jikoni, nilikalishwa mimi, miguu yangu haijafika hata kwenye mkia. Hakuna aliyenieleza sababu, na mtoto asipoelezwa sababu huitafuta mwenyewe. Mimi niliipata upesi: simba amelala tu. Anabaki chini kwa sababu kuna mtu juu yake. Akiachwa, atainuka.

Kulikuwa pia na jina ambalo kwetu halikutajwa, la mdogo wake baba. Nilijua aliwahi kuwepo kwa sababu mkuki wake ulisimama kwenye kona na hapana aliyeugusa. Wakati ule watu wengi wa huku walikwenda Uganda kufanya vibarua vya kahawa, wengine hawakurudi. Nikamweka na yeye huko. Nikawa namwazia amenenepa, ana baiskeli.

Kisha ukaitishwa mkutano. Watoto tulikuwa pembeni tunachezea vumbi, lakini nilisikia. Mtu wa serikali alisema pembe, meno, kucha na ngozi za wanyama wa porini ni nyara za serikali, na aliye nazo azipeleke ofisini, la sivyo atafungwa. Alilirudia neno hilo, nyara za serikali, kwa upole kabisa, kama mtu anayewakumbusha watu kurudisha jembe waliloazima. Watu wakakohoa, wakaangalia chini. Walikuwa wanajua wote ngozi iko kwa nani. Baba alinyamaza mpaka tulipofika nyumbani. Alisimama mlangoni, akamwambia mama maneno ambayo sijayasahau.

"Simba alipokuwa anakula watu wetu hakuwa wa serikali. Amekuwa wa serikali baada ya kufa?"

Mama akamwambia apeleke. Akamwambia watoto wanamhitaji baba kuliko ngozi. Baba akasema yote angepeleka, hata ng'ombe akitakiwa, lakini hiyo hapana. Sikuwahi kumwona anambishia mama kwa sauti ndogo namna ile.

Siku chache baadaye nilitoka shule nikakuta mama anashona godoro langu. Magodoro yetu yalikuwa magunia yaliyojazwa nyasi. Hili la kwangu lilikuwa limenenepa. Baba aliniita, akachuchumaa mbele yangu, akanishika mabega. Akaniambia yule mzee wa sebuleni sasa yumo humu, na mlinzi wake ni mimi. Mtu yeyote akipiga hodi, niende nilale. Akiuliza, mimi ni mgonjwa. Na kitandani kwa mtoto mgonjwa hakuna mtu wa kuingiza mkono.

Mwanzoni niliona fahari, nisidanganye. Ndugu zangu walikuwa wadogo, hawakuambiwa kitu. Mimi nilikuwa nimekabidhiwa simba. Lakini kwetu si mjini. Kwetu watu hawapigi hodi kwa miadi. Anayekwenda kisimani anapita, anayeomba moto anapita, anayetafuta mbuzi anapita. Nikawa nalala, naamka, nalala. Halafu mjumbe akamwuliza baba: huyu mtoto wako nikija hapa ni mgonjwa, lakini shuleni nasikia anacheza vizuri tu? Ndipo shule ikaisha. Baba hakusema imeisha. Alisema nisubiri kidogo mambo yapoe.

Mambo hayakupoa. Mvua za vuli zikanikuta kitandani, zikanyesha, zikaisha. Chumba chetu kilikuwa na kidirisha cha kuingiza kichwa cha mbuzi, na ulimwengu wangu ukawa ule uliokaa humo: kipande cha mgomba, kipande cha njia, miguu ya watu bila vichwa vyao. Nilimjua kila mtu kwa visigino. Usiku na mchana nilikuwa namsikia simba chini yangu. Nyasi zikilia nilijua anageuza ubavu. Joto langu likinirudia mgongoni nilijua ni la kwake. Nilijifunza kulala bila kuachia, mkono mmoja huku na mwingine huku, kama mtu aliyembana ng'ombe anayechomwa sindano. Nilikuwa nikienda chooni nakimbia kwenda na kurudi, maana kilima kizima kilikuwa mikononi mwangu. Nikichelewa kidogo tu, jirani ataliwa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Lakini hakuna aliyeniambia vinginevyo, na mimi sikuuliza, kwa sababu niliona wote wanajua.

Rafiki yangu Skolastika alikuwa akitoka shule anasimama pale dirishani, naona kidevu chake na kola ya shati. Ndiye aliyekuwa akiniletea habari. Nani amechapwa, nani amejikojolea, wamefika wapi kwenye hesabu. Siku moja akaniambia, "Mwalimu ameshatufundisha wimbo wa kukuzika. Una ubeti mzuri."

Nikamwambia auimbe. Akauimba wote, akaweka na sauti ya pili. Tukakubaliana kwamba kweli ni mzuri. Alipoondoka ndipo nilipolia, wala si kwa sababu ya kufa. Nililia kwa sababu darasa zima wanaujua wimbo ambao mimi siujui.

Masika ndiyo yaliyotuumbua. Paa lilivuja, nyasi za godoro zikapata unyevu, na ngozi ikaanza kunuka. Haikunuka tena samli. Ilinuka kuoza. Mama alichoma majani, akaning'iniza vitunguu, akanipaka mafuta ya mgando mpaka nikawa nateleza, lakini harufu ilitoka dirishani ikaenda kuwapokea watu njiani. Miguu ikaanza kusimama. Nikawa nasikia minong'ono. Masikini mtoto wa Zakaria, anaoza akiwa hai. Wakawa wanaleta vitu: uji wa mtama, ndizi zilizoiva, siku nyingine kuku. Nilikula vyote. Mgonjwa hakuwahi kunenepa kama mimi.

Sasa hapa kuna jambo ambalo asiye wa huku hatalijua. Kwetu kila kilima kina ingobi yake, ile machela ya kusukwa yenye miti miwili ya kubebea, na kina chama chake. Ukiugua, wenzako wanakuja wanakubeba hospitali. Ukifa, wanakurudisha. Halafu ingobi ikishafika mlangoni kwako, hukatai. Anayeikataa amejitoa katika watu. Siku yake ikifika atabebwa na watoto wake peke yao, na wasipotosha ataburutwa. Mkuu wa ingobi yetu alikuwa Mzee Leopold, mtu mfupi, mabega yamebonyea kwa miti ya kubebea. Waliamua wenyewe, bila kutuuliza, kwa sababu ya huruma. Walikuja asubuhi moja baba akiwa amekwenda msibani Murusagamba.

Nilisikia hodi, nikalala. Nilisikia sauti nyingi, nikabana. Mama alisimama mlangoni, nikamsikia anatafuta maneno. Akasema mtoto ameanza kupata nafuu. Wakasema wamemshukuru Mungu, lakini harufu haisemi hivyo. Akasema tumsubiri baba yake. Leopold akamwambia kwa upole kwamba ugonjwa haujamsubiri. Akasema basi, wamwache anibadilishie godoro, hili lina mkojo. Mwanamke mmoja akacheka, "Mkojo? Sisi wote hapa si wazazi? Mgonjwa habanduliwi alipolala, atavunjika."

Wakaingia. Wakatushika sisi wawili, mimi na simba, wakatuinua kwa pamoja na kutuweka ndani ya ingobi. Wakafunga kamba juu yangu. Nilimwona mama akifungua mdomo na kuufunga. Kisha akajitwisha kikapu, akainama sikioni kwangu kana kwamba ananifunika, akasema neno moja tu: "Usishuke."

Ningeshukaje? Nilikuwa sijaona jua zima tangu mwaka uliopita, na sasa lilikuwa lote usoni. Niliona migomba yenye vichwa, na watu wenye vichwa. Nilitaka kutazama kila kitu, lakini mikono yangu ilikuwa chini, imeng'ang'ania gunia. Wabebaji walikuwa wanapokezana na kutaniana kama kawaida yao. Mmoja akasema sijawahi kuona mgonjwa anayeongezeka uzito, huyu anakula nini? Mwenzake akamjibu kwamba mzito ni ugonjwa, mtoto mwenyewe hana kitu. Leopold akawaambia waangalie miguu yao.

Karibu na Rulenge, penye duka, alikuwa amekaa askari wa wanyamapori, bunduki magotini, anakunywa chai. Nilimjua kwa kofia. Mama alikuwa nyuma yangu, nikamsikia anaacha kupumua. Mimi sikuwaza kufungwa kwa baba, kufungwa sikukujua. Nilichowaza ni kwamba simba atamnusa mtu mgeni. Nikakandamiza kwa nguvu zangu zote. Yule askari alituona, akaweka kikombe chini, akasimama. Akavua kofia. Ingobi haipishani na mtu aliyekaa, hata yeye alijua. Alisimama kimya, kofia kifuani, mpaka nyara yake ya serikali ilipomaliza kupita.

Hospitalini alitupokea sista, mwanamke wa makamo, mikono mikavu kwa kunawa. Hakuwa mtu wa maneno. Alivuta harufu, akasema godoro hilo litoke nje, lichanwe, nyasi zichomwe. Akafungua kamba, akaingiza mikono kwapani mwangu. Nikamng'ata. Nilimng'ata kweli, mpaka akaniachia, nikajilaza tena kifudifudi.

"Ataamka," nikamwambia.

"Nani?"

"Simba."

Akamgeukia mama, akamwuliza homa hii imeanza lini. Mama alikuwa anatazama ukuta. Wakaja wawili, wakaninyanyua, mmoja miguu, mmoja mikono, nikipiga kelele kwamba mtaliwa wote, wakanisimamisha kwenye sakafu ya saruji uani. Miguu yangu ilitetemeka kama ya ndama. Leopold alitoa kisu chake cha kukatia majani ya mgomba, akapasua gunia kutoka juu mpaka chini.

Nilifumba macho. Nikasubiri. Nikasikia nyasi zinamwagika, nikasikia kitu kizito kinaanguka pwaa, halafu nikasikia watu wamenyamaza. Nikafumbua.

Mimi nilisimama. Yeye hakusimama.

Alikuwa amelala pale chini kama nguo iliyotupwa. Tena hakuwa simba. Manyoya yote yalikuwa yamenyonyoka na kubaki kwenye nyasi, yale ya shingo yameshikamana kama uchafu wa kitana. Wadudu walikuwa wanakimbia kutafuta kivuli. Ilikuwa ngozi tupu yenye mabaka, imetoboka pale mabega yangu yalipokuwa yakilala. Nilimlalia mpaka nikammaliza. Muda wote ule, darasa lote lile, ule wimbo, nilikuwa nimekandamiza kitu kisichokuwa na haja ya kukandamizwa. Sikuwahi kujisikia mjinga kama wakati ule, wala mwepesi kama wakati ule, na vyote viwili vilinijia pamoja.

Wabebaji walikuwa wameshaelewa. Wengine walikuwepo siku ya mikuki. Sista akauliza hii ni ngozi ya nini. Leopold akanitazama mimi, akamtazama mama, akafuta kisu chake kwenye suruali taratibu.

"Ya ng'ombe, sista. Kwetu mtoto mgonjwa hulazwa juu ya ngozi ya ng'ombe."

Sista akainama, akainua pembe moja ya ngozi kwa vidole viwili.

"Ng'ombe wenu wana kucha," akasema.

Akaiachia ikaanguka, akaenda kunawa. Alirudi akanipima kichwa hadi vidole, akanisikiliza mgongo, akanitazama ulimi, na mwisho akamwambia mama kwamba mtoto huyu hana ugonjwa wowote, ana njaa ya kutembea. Habari ya ngozi hakuigusa tena. Ila alimwambia Leopold kwamba yeye kazi yake ni wagonjwa, na kesho akipita uani hapo anataka kukuta pamefagiwa.

Baba alifika kesho yake mchana. Alikuwa amerudi kutoka msibani, akakuta mlango wazi na kitanda kitupu, akaja mbio njia nzima, viatu mkononi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa wodi. Nilikuwa nimesimama tangu asubuhi, nilikataa hata kukaa kula. Nilimwona anakuja, nikamtabasamia. Akanipita.

Alinipita kama unavyompita mtoto wa watu. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kitanda alichokuwa amekaa mama, akapapasa shuka, akapapasa chini ya shuka. Uso wake haukuwa wa mtu anayetafuta mali. Ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Nikamwambia, "Baba, niko huku."

Akageuka. Ilimchukua muda. Tangu mimi kulala alikuwa hajaniona nimesimama kwenye mwanga, na nilikuwa nimerefuka bila yeye kujua. Aliangalia miguu yangu, akapanda nayo mpaka usoni. Kisha akakaa sakafuni, palepale, baba yangu aliyesalimiwa na wageni baada ya simba, akafunika macho kwa viatu vyake.

Leopold alikuja akachuchumaa karibu naye. Akamweleza yote kwa sauti ya chini. Kucha ameshazitupa chooni. Ngozi haina tena manyoya, haina tena sura, hakuna mtu wa serikali wala wa dini atakayeijua. Ingobi yetu kamba zake zimechoka. Akimruhusu, ngozi hiyo ataikata iwe mikanda ya ingobi.

Baba akasema, "Utamkata mdogo wangu?"

Ndipo nikajua. Hakwenda Uganda, na hakuwa na baiskeli. Alikuwa mtu wa mwisho kuchukuliwa na simba yule, na hakikupatikana kitu cha kuzika, hata nguo. Ngozi ile ndiyo iliyokuwa kaburi lake. Ndiyo maana haikuachwa peke yake, kama maiti isivyoachwa peke yake. Baba hakuwa anaificha fahari yake. Alikuwa amekataa kuipelekea ofisi mdogo wake. Na kwa kumtunza aliyekufa, akanizika mimi.

Leopold alikaa naye mpaka akatulia, akamwambia, "Zakaria, amelazwa siku nyingi. Mwache sasa abebe na yeye."

Baba akaitikia kwa kichwa.

Tuliporudi nyumbani wabebaji walinitania nipande ingobi, si nimeshaizoea. Nilikataa. Baba akainama nipande mgongoni, nikakataa pia. Nilitembea njia nzima, malengelenge yakatoka na kupasuka, na kila lililopasuka nililiona ni langu. Shuleni nilirudi, wakaniweka na wadogo. Skolastika alikuwa mbele, amekuwa mtu mwingine. Sikukaa sana. Mwalimu akisema kaa, mwili wangu ulikuwa unasimama wenyewe. Mtoto aliyelazwa vile hawezi tena kuambiwa abaki mahali. Nikachukua kikapu cha ndizi nikaingia barabarani, na kwa kweli sijakaa mpaka leo. Hivi nilivyo navyo nimevipata kwa kukataa kukaa.

Ile mikanda ilibeba watu wengi. Ilibeba wajawazito, ilimbeba Leopold, ikaja ikambeba baba. Nilitembea pembeni ya ingobi siku ile, mkono juu ya mkanda. Ulikuwa umelainika kwa jasho la watu. Ulikuwa haunuki kitu.

Basi, Jumapili. Mwanangu alikuwa ananifuata nyuma na funguo za kabati mkononi, anasema, mama, likiibwa je? Nikamwambia likiibwa, bado wao ndio walioshinda. Akasema watu watatucheka. Nikamwambia aende kwenye gari kabla sijamchapa na mvi zake.

Nikamgeukia mtoto. Alikuwa hajabandua macho kwenye kabati. Nikamwambia, "Inuka, mama. Hilo haliamki."

Hakuelewa, ataelewaje. Lakini akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kochi. Nikamshika mkono tukatoka, mlango tukauacha wazi. Pale kizingitini niligeuka nikalitazama kombe kidogo. Mazoea tu. Nilitaka kuona kama kuna kitu kitatikisika.